Kliniki ya fiziotherapia Uyole, Mbeya: wanajua kutofautisha mgongo na tako

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibakiza kwa sababu ya mabenchi na foleni, nitafika huko. Ila kwa kazi yenyewe, yaani kumpima mtu mpaka chanzo cha maumivu kijulikane, sijapata mahali pengine kwenye barabara hii ya Dar es Salaam hadi Tunduma palipofanya vizuri kama hapa. Naandika kwa urefu kwa ajili ya madereva wenzangu wa masafa, na mafundi cherehani, wahasibu, bodaboda, mtu yeyote ambaye riziki yake anaipata akiwa amekaa, na sasa tako moja linawaka na mguu unakufa ganzi naye anadhani ni mgongo.

Mimi naendesha semi, mizigo ya Kongo. Njia yangu ni Dar, Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa, na kurudi. Maumivu yalianzia tako la kulia, ndani kabisa, mahali ambapo ukibonyeza juu juu huyapati mpaka uzamishe kidole. Baadaye yakashuka nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu, na unyayo ukawa na ganzi ya kuchomachoma. Nikikaa kama nusu saa, yanawaka. Nikishuka nikaizunguka gari kidogo, yanapoa. Usiku nikilala chali sina shida kubwa. Shikeni maelezo hayo, maana ndiyo yaliyoamua kila kitu, na kabla ya Uyole hakuna aliyeniuliza.

Kwingine swali lilikuwa moja tu: "Mgongo unauma?" Nikijibu kwamba kiuno nacho kimechoka, basi, mazungumzo yameishia hapo. Zahanati moja ya njiani walinidunga sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye tako lile lile linalouma, karibu na katikati. Nikapata nafuu ya muda mfupi, moto ukarudi. Hospitali nyingine, ambayo siitaji, wakaniandikia picha ya MRI ya kiuno, pesa ambayo ni ada ya shule ya mtoto. Nikapewa bahasha yenye maneno kwamba diski, ule mto laini kati ya pingili ya nne na ya tano, imetokeza, nikaambiwa niache udereva na nianze kujiandaa kwa upasuaji. Hakuna aliyenigusa. Hilo bado linaniuma. Mtu ana familia inayomtegemea, unamwambia aache kazi kwa kusoma karatasi, hujamvua hata kiatu!

Aliyenielekeza Uyole ni tanboi wa gari nyingine tuliyekutana naye kwenye foleni ya mizani Makambako. Kliniki ni ya mzee mmoja aliyesomea fiziotherapia kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, akafanya kazi serikalini hadi kustaafu, na anasaidiana na dada ambaye ndiye aliyenihudumia mimi. Ni nyumba ya kawaida, vyumba vichache, hatua chache kutoka yanapolala malori. Usitegemee mashine za kutisha. Utakuta vitanda, mipira ya mazoezi, baiskeli moja isiyotembea, na michoro ya mwili wa binadamu ukutani.

Siku ya kwanza sikuguswa na dawa wala mashine yoyote. Nilipimwa tu. Nilipoketi dada akaniambia, "Kaka, nionyeshe kwa kidole kimoja tu panapouma zaidi." Nikaonyesha katikati ya tako. Akaandika. Akauliza kama nikikohoa au kupiga chafya maumivu yanaruka hadi mguuni. Hapana. Nikiinama kufunga kamba za viatu? Yanavuta, lakini si sana. Nikikaa kwenye benchi la mbao je, na nikikaa kwenye kochi? Benchi ni balaa. Akauliza kama nimewahi kuanguka na kufikia makalio, kama nilidungwa sindano, upande gani, na kama maumivu yalikuwepo kabla ya sindano au yalikuja baada. Nilimwambia yalikuwepo.

Kisha yakaja maswali ambayo alisema humuuliza kila anayeingia na maumivu ya mguu, hata kama amekuja anacheka. Mkojo unatoka vizuri? Choo unakizuia? Sehemu za siri na pale unapokalia kiti cha baiskeli, kuna ganzi? Umepungua uzito, unatoka jasho usiku, una homa, una kikohozi cha muda mrefu? Alinieleza kwamba kifua kikuu hushambulia pia pingili za mgongo, na huku kwetu bado kipo, hivyo hakipaswi kusahaulika. Na mtu ambaye mkojo umegoma au ana ganzi katikati ya mapaja ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo ikibanwa yote kwa pamoja, kila saa ina thamani. Mazoezi hapo hayana nafasi.

Nililiona hilo kwa macho yangu siku nyingine. Mzee mmoja aliletwa na mwanawe, mguu mmoja anauburuta, na mkojo unamsumbua. Hawakumpandisha hata kitandani. Mwenye kliniki alimwandikia barua, akapiga simu Hospitali ya Rufaa, akatafuta gari, na pesa ya kumwona hakuichukua. Mahali panapojua kusema "huyu si wetu" mimi napaamini.

Turudi kwenye kipimo. Alinivua soksi, akanitembeza kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Akaniambia niinue kidole gumba cha mguu huku yeye anakikandamiza, kulia na kushoto. Nyundo ndogo ya mpira kwenye magoti na nyuma ya visigino. Pamba kwenye ngozi, mguu wote, akiuliza unasikia sawa? Nguvu zilikuwa sawa pande zote mbili. Kisha akanilaza chali akauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Alinieleza kwamba diski inapobana mzizi wa neva, yaani mshipa wa fahamu, mara nyingi mguu ukiinuliwa hivyo mtu hupiga kelele mapema, kati ya nyuzi 30 na 70. Wangu ulipanda karibu wima na nilisikia kuvutwa kwa kawaida tu nyuma ya paja. Akazungusha nyonga kuona kama kiungo chenyewe kina shida. Akakandamiza mifupa ya kiuno. Kote huko hakuna kilichoamsha maumivu yangu.

Ndipo akaomba ruhusa ya kupima tako. Nalisema hili wazi kwa sababu najua wengi, wanaume kwa wanawake, hukwepa matibabu haya kwa aibu. Alinifunika shuka, akaacha wazi sehemu ndogo anayoihitaji, na akaniambia kama sina amani kupimwa na mwanamke, yule mzee mwenye kliniki yupo. Wanawake nao wanahudumiwa na huyu dada, hawalazimishwi kwenda kwa mzee. Akachukua kidole gumba, akatafuta katikati, kati ya mfupa mpana ulio chini ya kiuno na lile nundu la mfupa wa paja lililo pembeni ya nyonga, akazamisha taratibu. Alipofika, mguu mzima uliwaka hadi kwenye shavu. Moto ule ule, njia ile ile. Akaachia, ukazima. Akafanya upande wa kushoto: hakuna kitu.

Hakuridhika na hilo. Akanilaza ubavu wa kushoto, akakunja nyonga ya kulia na goti, akalivusha goti chini kuelekea kitandani huku ananizuia kiuno kisizunguke. Moto. Akaniketisha ukingoni mwa kitanda, akaunyoosha mguu, akauvuta uvuke upande wa pili huku vidole vyake vikiwa pale pale kwenye tako. Moto tena. Mwisho akanilaza ubavu, nikakandamiza kisigino kitandani na kusukuma goti kwenda juu huku yeye anazuia. Hapo ilikuwa mbaya kuliko kote. Akasema hakuna kipimo kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake, na hakuna picha wala damu inayothibitisha ugonjwa huu moja kwa moja. Unajumlisha: maelezo ya mgonjwa, mgongo uliopimwa ukakutwa hauna hatia, na vipimo kadhaa vya tako vinavyoelekeza mahali pamoja. Ndipo unasema neva ya siatiki imebanwa ndani ya tako.

Alinichorea kwenye karatasi, na karatasi hiyo ninayo. Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko neva zote mwilini, unene wake unakaribia wa kidole. Inakusanya mizizi inayotoka pingili za chini za kiuno na mfupa wa chini yake, inatoka ndani ya fupanyonga kupitia uwazi ulio nyuma, inapita chini ya msuli mdogo unaolala kwa mshazari unaoitwa pirifomisi, kisha inashuka nyuma ya paja. Msuli huo kazi yake ni kuzungusha paja kwenda nje. Ukikaza, ukivimba au ukichoka vibaya, neva haina pa kukimbilia. Kwa watu wengi neva hupita chini ya msuli, lakini karibu mtu mmoja kati ya sita ana mpangilio tofauti, mathalani neva iliyogawanyika na sehemu yake moja ikatoboa katikati ya msuli. Na pirifomisi haibani peke yake, alisema. Kuna misuli mingine midogo chini yake na nyuzi za kovu zinazoweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Basi, na diski ya kwenye MRI je? Nilimuuliza kwa ukali kidogo maana pesa ilishaondoka. Hakuikejeli ile hospitali wala picha. Aliitoa kwenye bahasha, akaiweka dirishani, akanionyesha kwamba diski imetokeza kweli lakini haijagusa mzizi wa neva. Mwenye kliniki, ambaye hapendi mgonjwa aondoke hajaelewa, akaja akaongeza lake. Akasema mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, waliandika kwamba diski ikitokeza inaweza kubana mizizi ya neva na kuleta maumivu ya mguu, na walikuwa sahihi, lakini tangu hapo kila mguu unaouma umekuwa wa diski. Wakati miaka sita kabla yao, 1928, Yeoman wa Uingereza alishaandika kuhusu msuli wa pirifomisi na neva hii, na mwaka 1947 Robinson akaupa ugonjwa huu jina la msuli huo. Akanipa na hesabu iliyochapishwa mwaka 2015, iliyokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo: wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski zilizotokeza, wenye miaka 40, asilimia 50, wenye miaka 80, asilimia 84. Mimi nimevuka 40. Yaani ningeokotwa barabarani nikiwa mzima wa afya, nusu kwa nusu picha yangu ingesoma hivyo hivyo. Kwa nini sikuambiwa haya kabla ya kutishwa na kisu?

Alisisitiza pia kwamba MRI si adui. Mguu ukikosa nguvu, ukishindwa kunyanyua unyayo, au vipimo vya mgongo vikiamsha maumivu, picha inahitajika tena haraka. Kilichokosekana kwangu ni mikono kabla ya picha.

Sasa sehemu iliyonifanya niwaheshimu kabisa. Kabla ya kuanza tiba dada aliomba kuona ninapokaa. Gari ilikuwa imelala hapo jirani. Akavaa viatu vya kufunga, akapanda kabini, akakaa kiti cha abiria, akaniambia nikae kama niko safarini. Aliangalia kimya, kisha akasema, "Kaka, mfukoni nyuma una nini?"

"Waleti, dokta."

Akaomba niitoe. Leseni, kitambulisho cha taifa, kadi za benki, kwacha, faranga za Kongo, risiti za mizani, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano imekunjwa juu ya vyote. Unene wa vidole viwili, mfuko wa kulia, tako la kulia. Akaniambia madaktari wa Marekani wamekuwa wakiandika tangu miaka ya 1970 kuhusu waleti nene za mfuko wa nyuma na maumivu ya namna hii. Halafu akaweka kiganja kwenye kiti changu akakandamiza kushoto, akakandamiza kulia. Kushoto mkono ulirudi. Kulia ulizama hadi kwenye ubao. Sponji ilikuwa imekufa upande mmoja, na mimi nilikuwa nimetandika juu yake lile zulia la shanga za mbao nikidhani nimepata starehe. Tatu, mguu wangu wa mafuta: kisigino kimekaa ndani, vidole vimeelekea nje, goti limelala pembeni. Paja limezungushwa nje saa zote hizo, na msuli unaozungusha paja nje ni ule ule.

Sikulipishwa ziada kwa kupanda kule. Fundi wa viti pale Mwanjelwa alinibadilishia sponji nzima siku hiyo hiyo, ngumu, pande zote sawa. Shanga nikagawa. Waleti inakaa kwenye kiboksi cha mlangoni. Kiti nikakisogeza mbele kidogo ili goti lisilale nje, na nyonga ikae juu kidogo ya goti.

Tiba yenyewe si ya kushangaza na ndiyo maana watu huidharau. Vikao vya mwanzo alinikanda pale pale kwa dakika chache, joto kidogo, basi. Nilitaka anikande zaidi kwa sababu ukiinuka unajisikia mwepesi, lakini alikataa: kukanda kunafungua nafasi ya mazoezi kufanyika, hakuponyi. Mazoezi ya kunyoosha yalikuwa mawili. La kwanza unalala chali, kifundo cha mguu mbovu juu ya goti la mguu mzima, umbo la namba nne, halafu unavuta paja la mguu mzima kuja kifuani. La pili unalivuta goti la mguu mbovu kuelekea bega la upande wa pili. Unashikilia sekunde 30, unaachia, unarudia. Mvuto usikike takoni. Ukiona moto unashuka mguuni, umezidisha, legeza. Alirudia hili sana, maana wapo wanaovuta kwa hasira na neva inazidi kuvimba.

Kuna na zoezi la kuitelezesha neva, unakaa, unanyoosha goti taratibu huku unainua uso kutazama juu, halafu unakunja goti huku unainamisha kichwa. Laini, bila kushikilia.

Baada ya moto kupungua ndipo yakaja ya nguvu, na hapa naona wengi huishia njiani kwa kuwa maumivu yameshapoa. Kulala ubavu na kufungua goti la juu huku visigino vimeshikana, magoti yamefungwa ukanda wa mpira. Wao wanao wa dukani, lakini alinikatia kipande cha tyubu ya baiskeli akasema kinatosha na hakikatiki. Kulala chali na kuinua kiuno. Kulala ubavu na kuinua mguu ulionyooka. Sababu yake: misuli mikubwa ya tako ikiwa dhaifu, huu mdogo unabeba kazi isiyo yake. Nimefanya haya kwenye maegesho ya Nakonde juu ya turubai, madereva wakinitazama, na sasa wapo wanaolala na kuungana nami.

Na barabarani: kila mizani nashuka. Foleni ikisimama nashuka. Sikai tena zaidi ya saa moja na nusu bila kugusa ardhi kama njia inaruhusu.

Kuhusu dawa, walinipa uhuru wa kuendelea na vidonge vya maumivu kwa muda mfupi kwa ushauri wa daktari, nikishakula, na kunionya kuhusu tumbo na figo. Kuhusu sindano walikuwa wakali. Wao hawadungi mtu. Sindano ya takoni ikipigwa mahali pasipofaa inaweza kuijeruhi neva hii yenyewe na mtu akabaki anaburuta unyayo, na watoto ndio walio hatarini zaidi kwa sababu nyama ni chache. Kama lazima, iwe robo ya juu upande wa nje, au pembeni ya nyonga ambako ni salama zaidi; na kama kidonge kipo na unaweza kumeza, uliza kwa nini udungwe. Hili naomba kila mzazi alishike.

Ipo sindano nyingine ambayo ni tofauti, na waliniambia ingefuata kama mazoezi ya wiki sita hivi yasingezaa kitu: daktari bingwa anaongozwa na ultrasaundi, anaweka dawa ya ganzi, wakati mwingine na steroidi ya kutuliza uvimbe, ndani ya msuli au kando ya neva. Maumivu yakizimika saa chache baadaye, umejua ndipo penyewe. Sehemu nyingine duniani hutumia na botoksi kuulegeza msuli. Upasuaji wa kuiachia neva upo, ila ni wa wachache walioshindwa kila njia. Mimi sikufika huko. Ganzi ya unyayo ilitangulia kuondoka, kisha moto wa paja, na tako likawa la mwisho. Leo nikilazimika kuunga kutoka Makambako hadi Uyole bila kushuka, bado linanikumbusha, halafu nikishuka nikinyoosha linanyamaza. Naendesha. Sijapasuliwa.

Sasa malalamiko, na nimeyasema mbele yao pia. Sehemu ya kusubiri ina mabenchi ya mbao, magumu, hayana egemeo. Nusu ya wagonjwa wenu hawawezi kukaa! Tunasimama tumeegemea ukuta, na mama mwenye mimba aliyekuwa na maumivu kama yangu nilimwona amelala ubavu juu ya khanga sakafuni. Wekeni godoro moja pale, au hata mito. Pili, miadi haina maana. Unaambiwa saa nne, unaingia saa sita, na kwa dereva mwenye mzigo unaosubiriwa mpakani huo ni mgogoro na tajiri. Tatu, kati ya kitanda na kitanda ni pazia tu, na mambo tunayoulizwa ni ya ndani; sauti zishushwe au wagonjwa wapishane. Nne, karatasi ya mazoezi imetolewa fotokopi juu ya fotokopi, mguu na mkono havitofautiani. Mimi niliomba nirekodiwe kwa simu yangu nikifanya kila zoezi, wakakubali bila shida, nanyi ombeni hivyo.

Bima hawapokei, ni taslimu au kwa simu. Tathmini ya kwanza nililipa shilingi 30,000, na kila kikao kilichofuata 15,000. Hawakunisukumia vikao, nilipoanza kuweza mwenyewe alinipunguzia akasema nipitie tu nikiwa njiani, na mara nyingine tulimaliza kwa simu. Ukijumlisha yote, na sponji ya kiti ndani yake, haifiki pesa ya ile picha.

Mnaokwenda: vaeni au bebeni kaptula pana, mtaihitaji. Chukueni bahasha zenu zote za zamani, wanazisoma kweli. Fikeni mapema mlango unapofunguliwa, kabla foleni haijajaa. Jumamosi ni hadi mchana, Jumapili wamefunga. Na kama una gari, mwambie wa mapokezi tangu ulipopiga simu kwamba unataka kiti kiangaliwe, kwa sababu dada anatoka kwenda kwenye kabini asubuhi tu.